Menekrate Yupi?

Serikali ya Athene ina furaha kubwa kuwatangazia wananchi wote kwamba zoezi la kumfukuza Menekrate mjini kwa miaka kumi limekamilika kwa amani na utulivu. Kura zimepigwa, vigae vimehesabiwa. Kilichobaki ni jambo dogo la kiufundi: kujua ni Menekrate yupi.

Wananchi wao walidhani wanajua. Menekrate tajiri alikuwa ameizungushia ukuta chemchemi ya mtaa wa wafinyanzi na kuchonga jina lake kwenye jiwe la mlangoni, jina kavu, bila la baba, maana nani asiyemjua? Watu wakaokota vigae, wakakwaruza jina lile lile, wakaenda kupiga kura. Fundi Menekrate, mfinyanzi, naye alikwaruza chake. Vigae vyenyewe vilitoka kwenye vyungu vyake vilivyopasuka.

Lakini tajiri alikuwa shemeji yake Mheshimiwa Fainipo, na Mheshimiwa Fainipo alikuwa mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Utenganishaji wa Majina, iliyoundwa asubuhi ile ile. Kamati ilifanya kazi kwa weledi mkubwa. Athene mjukuu hurithi jina la babu, basi akina Menekrate walikuwa wamejaa tele. Menekrate tabibu aliachwa kwa sababu alikuwa akiutibu mguu wa mwenyekiti. Menekrate muuza samaki aliachwa kwa sababu ya chakula cha mchana cha kamati. Fundi akaitwa sokoni, mbele ya watu.

"Hongera, fundi," akasema Fainipo. "Umeshinda kwa kura nyingi."

"Kura za kunifukuza mimi? Mheshimiwa, hata mimi nilipiga!"

"Kamati imeliona hilo. Tunaupongeza uzalendo wako."

Binti wa fundi, Mirto, alikuwa mja mzito, siku zozote anajifungua. Akizaliwa wa kiume, ataitwa Menekrate. Miaka kumi! Mtoto angekuja kumwuliza babu yake, wewe nani?

"Na huyu je?" Akamnyooshea kidole tajiri, aliyekaa kiti cha mbele akila tini.

"Huyo ni Menekrate mwana wa Hiperoko. Kwenye vigae hakuna Hiperoko. Kamati imeamua: jina Menekrate bila la baba, popote lilipoandikwa, ni wewe."

"Popote?"

"Popote. Mpiga mbiu, tangaza!"

Mpiga mbiu akatangaza, soko zima likasikia.

Fundi akafuta jasho. "Haya, sheria ni sheria, nitakwenda. Ila sheria hiyo hiyo inasema mtu akifukuzwa hivi mali yake haiguswi, au siyo?"

"Hata kijiko."

"Basi naomba ufunguo wa chemchemi yangu. Jiwe la mlangoni limeandikwa Menekrate. Baba mtu hayupo pale."

Muuza samaki akapaza sauti, "Wape vidonge vyao, fundi!" Watu wakaangua kicheko. Fainipo akaomba kamati ipewe muda wa kutafakari, lakini tajiri alisharuka kitini, tini mdomoni.

"Chemchemi yako kwa lipi, we mkanda udongo? Jina lile ni langu! Menekrate ni mimi, hapa mjini hakuna mwingine! Muulizeni yeyote!"

"Shemeji, nyamaza," Fainipo akanong'ona.

"Sinyamazi! Tangaza, wewe! Menekrate ni mimi!"

Mpiga mbiu, mtumishi mtiifu, akatangaza. Watu wakaulizwa, wakathibitisha kwa sauti moja kwamba ndiye. Fainipo mwenyewe ndiye aliyemsaidia shemeji yake kufunga mizigo.

Kwa mujibu wa sheria, mali yake haikuguswa. Ukuta upo, jiwe lipo, jina linasomeka vizuri. Mlango tu ndio haufungwi siku hizi, na Mirto huja kila asubuhi kumwogesha mwanawe pale. Juzi Mheshimiwa Fainipo alipita, akamwuliza kwa ukali ni kwa ruhusa ya nani.

"Ya mwenyewe," akajibu Mirto, akimsugua mtoto mgongo. "Jina lake si hilo hapo mlangoni?"