Mama Asianguke Tena

Jumatatu, 4 Machi
Wiki iliyopita Mama aliteleza bafuni. Hakuvunjika, ila bega bado linamuuma. Mimi nilikuwa sebuleni nashangilia mpira, sikusikia kitu. Leo Dada kapiga simu: Jumapili anakuja kukagua nyumba. Isipomridhisha, anamhamishia Mama kwake. Kwake! Nyumba ambayo watu hula kimya kama wako kwenye mtihani. Nikamwambia asijisumbue, nimeshashughulikia kila kitu. Sijashughulikia chochote.

Jumanne, 5 Machi
Nimekwenda zahanati kumwona mtaalamu wa viungo. Mambo ya kitoto tu! Toa mazulia yanayoteleza, weka taa koridoni, Mama aache kandambili, afanye mazoezi ya miguu. Na bafuni pawe na chuma cha kushikilia, kifungwe na fundi. Fundi wa nini? Nyundo ninayo.

Jumatano, 6 Machi
Zulia nje. Sakafu chini yake, aibu tupu! Nikaipiga polishi mpaka nikaona meno yangu. Jirani akaja kuazima chumvi, akafika jikoni kwa makalio. Chumvi nilimpa. Shukrani sikupata. Mama alisimama mlangoni, akaniuliza kama nina haraka ya urithi.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepigilia chuma bafuni kwa misumari. Mama akataka nikijaribu mimi kwanza. Mwana wa kumzaa, haniamini! Nikaning'inia kwa madaha. Kikang'oka, kigae kikafuata, nami nikafuata kigae. Kifundo cha mguu kimevimba kama boga. Aliyeniinua ni Mama, kwa mkono wa bega lake zima, wala hakuhema. Kumbe mazoezi ya zahanati anayafanya kila asubuhi, mimi nikiwa nakoroma.

Jumapili, 10 Machi
Dada kaja na mkongojo mpya. Akanikuta kitini, mguu juu ya mto. Akachungulia bafuni. Akarudi, akamwambia Mama afungashe nguo. Nyumba hii bila sauti ya Mama!

“Siendi,” Mama akasema. “Nikiondoka, huyu ataokotwa na nani?”

Dada akacheka. Sijamwona akicheka tangu harusi yake. Akamwita fundi, fundi akafunga chuma na taa, akasugua polishi yote ikatoka. Mkongojo nimeachiwa mimi. Machozi yalinitoka kidogo. Nikasingizia vumbi.

Jumatatu, 11 Machi
Taa ya koridoni imekaa vibaya. Inampiga Mama machoni. Nilisema mimi, mafundi wa siku hizi! Mama katoka, kaenda sokoni na viatu vyake vipya, mwendo wa askari. Nimepandisha kiti juu ya meza. Kinayumba kiasi, lakini mguu mmoja ninao mzima. Naacha kuandika hapa, nataka akirudi aikute taa mahali pake.