Nilivyokwenda Kupumzika kwenye Mvuke

Leo nimeaibika, jamani, tena nikiwa nusu uchi. Nawaandikia mwenyewe nyinyi ndugu zangu wa Bujumbura kabla madereva wa malori hawajawafikishia habari ikiwa na chumvi. (Chumvi haihitajiki. Yaliyotokea yanatosha.)

Chanzo ni mke wangu. Juzi kaniambia: "Baba Zuhura, wewe hufungi duka hata Ijumaa. Usingizini umenipima mgongo kwa mkono, ukasema, 'Meta moja na nusu, mama, sipunguzi.' Pumzika hata Jumatano moja. Nenda kwenye mvuke kama wanaume wenzako."

Nikamtazama. Mke anayekutuma kwenye starehe ana jambo.

"Unataka nini nikiwa sipo?"

"Nataka uishi."

Jibu zuri mno. Nalo nikalitilia shaka. Lakini mabega yalikuwa yananiuma kweli, nikakubali.

Mjue pia kwamba tangu vita vianze kule kaskazini, biashara imelala. Duka langu la vitenge la Muhima, hapa Kigali, lilibaki na tumaini moja: Bwana Faustini, anayemwoza binti yake. Alitaka vitenge sare kwa mashangazi wote wa ukoo. (Ukoo mkubwa, Mungu awazidishie.) Nilimwonyesha jora jipya la buluu lenye ndege weupe. Nikamwapia: "Hiki hakichuji, bwana, hata ukichemshe!" Akasema atakuja kesho, Alhamisi, kulibeba lote.

Basi leo nikafika kwenye nyumba ya mvuke, upande wa Sonatubes. Mlangoni yuko mtunza nguo, mzee aitwaye Anastazi.

"Vua, muzehe, nguo mimi nitazichunga."

"Na wewe nani anakuchunga?"

"Imana."

Ukishatajiwa Mungu huna la kubishana. Nikahesabu tu vifungo vya shati mbele yake, mara mbili, aone.

Akanipa taulo. Nikalinusa. Safi. Safi mno! Taulo lililofuliwa kwa juhudi zile lina historia.

"Asante, nimekuja na langu."

Nikatoa kipande cha kitenge, nilichokikata asubuhi kwenye jora lile lile la buluu. Kipya, hakijagusa mwili wa mtu. (Wala maji. Hilo sikuliwaza.) Nikajifunga kiunoni, nikaingia.

Ndani ni sufuria lililofunikwa. Mvuke, harufu ya mikaratusi, na wanaume wanaguna kwenye benchi, huoni uso wa mtu. Mmoja akaita, "Ongezeni maji!" Nikashtuka. Maji ya nini? Hawa wanatupika. Nikakaa karibu na mlango, mguu mmoja tayari kwa mbio.

Lakini baada ya muda, wallahi, mabega yakaachia. Nikafumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu nianze biashara, sikuwaza meta. Jasho likatiririka, nikajifuta uso kwa pembe ya kitenge. Nikajifuta shingo. Kifua. Nikarudia uso tena, polepole, kwa raha.

Mlango ukafunguliwa, mwanga ukaingia. Jirani yangu akapiga kelele: "Yezu wee! Mtu anakufa!"

"Nani?" nikauliza, nikimtafuta marehemu.

"Wewe! Uko buluu!"

Nikajitazama. Magoti buluu. Tumbo buluu. Benchi buluu, na kijito cha buluu kinateremka kuelekea miguu ya watu. Anastazi akaingia mbio.

"Mtoeni nje! Moyo unasimama!"

"Niko mzima! Niacheni!"

"Wanaokufa ndivyo wanasemaga," akasema Anastazi, akanishika kwapa.

Wakanilaza uani juani, mbele ya waliokuwa wakinywa chai. Bwana mmoja mwenye taulo jeupe akachuchumaa, akanishika mkono kusikiliza mapigo. Akaona vidole vyake vimegeuka rangi. Akavisugua. Akavinusa. Akatazama kitenge, ndege kwa ndege. Ndipo nami nikamtambua.

Bwana Faustini!

"Baba Zuhura."

"Naam, bwana."

"Hii si ile kitenge ya mashangazi?"

Nikatafuta neno. Siku zote ninalo. Leo nikaambulia hili tu: "Hii ni... ndugu yake."

Waliokuwa wakinywa chai wakaweka vikombe chini.

"Mashangazi wangu wanatoka jasho kukushinda," akasema Bwana Faustini, akiinuka. "Tena harusini watacheza." Akaenda kunawa mikono. Oda yangu ikaenda naye.

Nilimshuku mke, nikamshuku Anastazi (nguo zangu zote kanirudishia, zimekunjwa), nikashuku taulo na maji. Sikumshuku mmoja tu: aliyeniuzia jora. Huyo alinipunguzia bei upesi mno, nikadhani ni ufundi wangu.

Sasa niko kitandani. Nimejisugua kwa sabuni na jiwe la miguu. Kitenge kimechuja, uso wangu umegoma. Mama Zuhura anasema duka litabaki limefungwa mpaka rangi itoke, maana sura hii itafukuza hata wateja wanaouliza bei tu. (Mabega hayaumi. Lakini hilo simwambii.)

Mtakaocheka, chekeni huko huko Bujumbura. Hapa Kigali nafasi zimejaa.