Kitufe cha Ben na Mwethya wa Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Bosi Muthama ametangaza: Ijumaa atachagua mkuu wa majaribio hapa ofisini Kwa Vonza. Cheo changu hicho! Tayari nimemwambia mama. Majaribio yangu ya tovuti ya kuuza ndengu ndiyo mengi kuliko ya mtu yeyote: kompyuta inaingia yenyewe, inabonyeza vitufe, inanunua ndengu. Niliandika moja, nikanakili, nikabandika, nikabandika tena. Mwenzangu Mwongeli bado anahangaika na klasi zake, vile vifurushi vya msimbo. Ati kila ukurasa uwe na klasi inayojua vitufe vyake, majaribio yote yaulize hapo. Ukurasa ukibadilika, unarekebisha mahali pamoja tu. Maringo!

Jumanne, 4 Machi
Mpango! Nimemnunulia Ben, anayetengeneza kurasa, sahani ya muthokoi. Kila asubuhi abadilishe jina la kitufe cha kuingia, kazi ya Mwongeli ianguke. Amekubali, akaomba na soda.

Jumatano, 5 Machi
Wueh! Ben amebadilisha. Mwongeli amerekebisha mstari mmoja, akaenda chai. Yangu yameanguka yote, skrini nyekundu tupu! Kumbe lile jina nililibandika kwenye kila faili. Nimechimba kisima nikaingia mwenyewe. Mwongeli akaniuliza kwa upole kama anionyeshe klasi. Nikamwambia niko sawa kabisa.

Alhamisi, 6 Machi
Mwethya! Shangazi Kathini amekuja na kikundi chake, wale akina mama wa kulimiana mashamba kwa zamu. Kila mmoja na faili zake, anafuta jina la zamani, anaandika jipya, huku wakiimba. Bosi alichungulia akauliza kama kuna harusi. Jioni, kijani kote! Karibu nilie. Shangazi akanikumbusha kwamba mwethya hurudishwa. Nikaitikia tu.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi kaketi mbele ya kompyuta yangu. Nyekundu. Yote! Nilisahau kumwambia Ben aache. Nilipomfokea, akakasirika yeye: ni mtu wa kanisa, muthokoi ameshakula, hawezi kuvunja ahadi. Mwongeli, mstari mmoja, kijani. Mkuu ni yeye. Mama amepiga simu kuuliza kama aalike majirani. Imeniuma, jameni.

Jumamosi, 8 Machi
Nachimba matuta shambani kwa Shangazi. Kisha kwa jirani yake, kisha kwa jirani wa jirani. Mikono yote malengelenge. Mwongeli ameniandikia kwamba Jumatatu atanifundisha klasi, bure. Masikini, hajui nimeshaliona kosa langu hapa hapa kwenye mtaro.
Watu wa mwethya walikuwa wachache. Nimeshaongea na kwaya nzima ya kanisa, ije kunisaidia kubadilisha majina.