Daftari Safi la Mashine ya Kusaga

Jumatatu, 2 Juni 2025
Uniwie radhi, shajara. Sijakugusa tangu Pasaka. Nilikuwa nikiwaandikia wafadhili wa ng'ambo: barua kumi na moja! Niliwaomba mashine mpya ya kusaga mahindi kwa kijiji chetu, huku nje ya mji, kupita Naviundu. Jibu limefika. Mashine mpya hawatoi. Watagharimia matengenezo ya ile tuliyo nayo: vipuri na mafunzo ya fundi, miaka mitatu. Sharti ni moja: tuonyeshe kwamba tumeitunza wenyewe. Matengenezo! Nani atakata utepe mbele ya kopo la grisi?

Hata hivyo, fundi Adalbert asema beringi hazitamaliza msimu. Zikifa, wanawake watabeba mahindi kichwani hadi kijiji cha pili, nusu siku kwa miguu. Nami ndimi mwenyekiti wa kamati ya mashine. Sijui nitawatazamaje usoni.

Jumanne, 3 Juni
Nimemdai Adalbert daftari la mashine, anamoandika kila tengenezo. Aibu! Miaka minne ya tarehe, lakini kila ukurasa una alama za vidole vya grisi. Kalamu nyeusi hapa, penseli pale. Herufi zimelala kama walevi. Nikamwambia sitampa mgeni atakayetumwa na wafadhili uchafu huo. Akacheka. "Mwalimu, ile uchafu ndiyo kazi yenyewe. Uiache vile iko." Anakionea wivu cheo changu.

Jumatano, 4 Juni
Nimelinakili lote. Wino mmoja wa buluu, mistari kwa rula. Sikuongeza neno, sikupunguza neno. La zamani nimelitia kwenye mbabula, jiko letu la makaa; chai imechemka upesi. Kazi ya kujivunia!

Ijumaa, 6 Juni
Mgeni amekuja: Bi Daniella, wa ofisi ya wafadhili mjini. Akafunua daftari, akauliza lilianza kuandikwa lini. Nikajibu: miaka minne iliyopita. Akapitisha kidole kwenye karatasi. Akasema vijiji vitatu vimekwisha kumwonyesha madaftari ya kughushi, yaliyoandikwa usiku mmoja. Chetu ni cha nne. Akaomba la zamani. Nikasema nimelichoma. Adalbert akatazama viatu vyake. Mama Kulthumu, kiongozi wa wanawake wanaosaga hapa, akanitazama mimi. "Baba Mwalimu, kesho tutasaga nini? Ile majivu yako?"

Bi Daniella ametupa hadi Jumatano tulete ushahidi mwingine, kisha wasimamizi wake waamue.

Jumapili, 8 Juni
Mama Kulthumu amewakusanya wanawake. Kila mmoja ameandika, au ameandikiwa na bintiye, siku anayoikumbuka. Ukanda wa mashine ulikatika wiki ya harusi ya Bénie, mmoja wao. Adalbert akaushona alfajiri ili unga wa bukari, ugali wetu, upatikane. Beringi zilibadilishwa siku Mama Edith alipotoka hospitali na mapacha wake. Karatasi ishirini na saba! Nyuma ya kalenda, kwenye mifuko ya saruji, moja juu ya boksi la sabuni. Nyingine zina unga. Nimezisoma mara mbili. Sikujua kwamba mashine ile imeingia hivyo katika maisha ya watu.

Wamenikabidhi nizipeleke mjini keshokutwa, kwa kuwa ndimi mwenyekiti. Mama Kulthumu alirudia mara tatu kwamba nizifikishe tu, kana kwamba mimi ni mtoto.

Lakini ushuhuda mzito namna hii haustahili kuingia ofisini juu ya boksi la sabuni. Nimenunua karatasi nyeupe. Ninazinakili zote upya kwa wino wa buluu, na nimefika ya tisa kati ya ishirini na saba. Mwandiko wangu haujawahi kupendeza hivi. Wasimamizi wakishaamua, nitakuandikia. Kabla ya hapo, mkono wangu una shughuli.