Heri ya Jina, Bwana Panteleimonas

Stathis Vourlas aliwatambua kwa mayai.

Walikuwa wazee arobaini na watatu, wamesimama gatini Pireas saa moja na nusu asubuhi, Alhamisi ya katikati ya Juni, wakisubiri boti ya visiwa vitatu kwa siku moja. Abiria wengine walikuwa wamelipia chakula cha mchana. Hawa walikuwa na mifuko, na ndani ya mifuko mlikuwa na mayai ya kuchemsha na pai za mboga zilizofungwa kwenye foili. Stathis hakuwa mtu wa dini, lakini kitu kimoja alikiamini kwa moyo wake wote: mtu anayebeba mayai yake mwenyewe kwenda baharini ana pesa benki.

Aliuliza mawili matatu akapata habari zao. Chama cha wastaafu, wakulima wa pamba kutoka bara huko upande wa Karditsa. Mwenyekiti wao aliitwa Thrasivulos, mzee mwenye shingo nene na saa ya dhahabu, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ameshagombana na mkata tiketi kuhusu bei ya watu wa kundi na akashinda. Stathis alimtazama akishinda. Akanyoosha koti lake jeupe, akapitisha mkono kwenye nywele alizozipaka rangi juzi, akapanda boti nyuma yao.

Lazima niseme alikuwa na haraka. Jumapili binti yake, Fotini, alikuwa anaolewa. Kwa miaka ishirini na sita baba huyu alikuwa amemwahidi mtoto vitu na kumletea visingizio, na Fotini, ambaye alirithi subira kwa mama yake, alimpa kazi moja tu katika harusi nzima. Alimkabidhi bahasha ya pesa ambayo ameandika juu yake MUZIKI, akamwambia ampelekee mpiga klarineti kabla ya Ijumaa. "Baba," alimwambia, "hii siyo ya biashara." Stathis aliapa. Bahasha sasa ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti jeupe, na alikuwa ameibeba kwa sababu mtu anayeuza nyumba hawezi kusafiri mfuko mtupu.

Maana alikuwa anauza nyumba. Kisiwani Idra, ngazi mia na ushee juu ya bandari, kuna nyumba ya mawe ya ghorofa tatu ambayo imefungwa miaka kumi na moja. Mlangoni kuna kibao cha shaba: Nahodha Panteleimonas Kalafatas. Nahodha alishafariki na ukoo wake wote uko Melbourne. Sasa sisi Wagiriki humpa mjukuu jina la babu, desturi nzuri ambayo imewarahisishia kazi watu kama Stathis kwa karne nyingi. Ukijua jina la marehemu, umeshajua jina la mrithi.

"Panteleimonas Kalafatas," alisema, akimnyooshea mwenyekiti mkono. Boti ilikuwa imeshatoka bandarini na upepo ulikuwa mzuri. "Wa Idra."

"Thrasivulos," alijibu mzee. "Wa pamba."

Walizungumza hali ya hewa, kisha bei ya mbolea, kisha, kwa njia ambayo Thrasivulos mwenyewe asingeweza kueleza, wakajikuta kwenye nyumba.

"Inakwenda karibu euro milioni," Stathis alisema kwa huzuni. "Mimi naiachia kwa elfu tisini. Nataka iishe kabla binamu zangu wa Melbourne hawajaamka."

"Kwani binamu wana haki humo?"

"Haki wanayo. Habari hawana."

Thrasivulos alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aondoke kwake. Alisogea karibu, akashusha sauti. "Na kishika uchumba?"

"Elfu tano tu. Leo leo, tukishaiona."

"Ninazo hapa," alisema Thrasivulos, akagusa kifua cha koti lake.

Stathis akaangalia bahari ili furaha isimwonekane usoni. Hapo ndipo sauti ya kike ikatoka kiti cha nyuma.

"Umesema unaitwa nani, mwanangu?"

Alikuwa bibi mdogo wa umbo, mweusi tii kwa nguo za ujane, anashona kitambaa kwa sindano ya mkono bila kukitazama. Jina lake Asimina.

"Panteleimonas, mama. Jina la babu."

Asimina aliweka kitambaa chini. Alitoa kwenye mkoba kalenda ndogo ya kanisa, akalowesha kidole, akafunua kurasa, akasoma. Kisha akamtazama Stathis kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Basi heri ya jina, mwanangu. Leo ndiyo siku yako."

Wale wazee waliokuwa karibu waliacha kumenya. Mayai mawili matatu yalibaki hewani, nusu yamemenywa. Thrasivulos akamwangalia Asimina, Asimina akamwangalia Thrasivulos.

Stathis naye alikuwa anafikiri kwa kasi. Kwetu siku ya kuzaliwa ni ya watoto. Siku ya mtu mzima ni siku ya mtakatifu mwenye jina lake, na siku hiyo hualiki mtu, watu wanakuja tu, na wewe mwenye jina ndiye unayewalisha na kuwanywesha. Hilo alilijua. Ila mara ya mwisho kuingia kanisani ilikuwa harusi yake mwenyewe, na kalenda ya watakatifu haikuwa kichwani mwake. Aliwaza kwamba watakatifu ni wengi na siku za mwaka ni chache, kwa hiyo Alhamisi hii nayo lazima iwe ya mtu.

"Asante, mama," alisema, akiinamisha kichwa. "Nilikuwa naona haya kujitangaza."

"Kweli kabisa," Thrasivulos alisema polepole. "Leo ndiyo." Akasimama, akageukia boti nzima. "Jamani, huyu bwana ana jina leo."

Walikuja kwa foleni. Wazee arobaini na watatu walimbusu mashavu yote mawili, wakamwombea maisha marefu, na bibi mmoja akamtemea mate kidogo hewani ili asipatwe na kijicho. Muuza kantini alichungulia kutoka dirishani kwake.

"Lakini leo si..." alianza.

"Kahawa, mwanangu," Asimina alimkatiza. "Arobaini na tatu. Analipa mwenye jina."

Muuza kantini aliwahesabu kwa macho, akaona ukweli hauna faida yoyote upande wake, akawasha jiko.

Stathis alilipa. Angefanyaje? Mtu mwenye nyumba Idra, anayeshindwa kununua kahawa siku ya jina lake, hata mkulima wa pamba angemshtukia. Na kahawa si kitu ukiilinganisha na elfu tano. Alifungua bahasha ya Fotini kwa vidole viwili, bila kuangalia mwandiko.

Kule Egina, kisiwa cha kwanza, watu hununua njugu za pistachio. Wazee walishuka, wakasimama mbele ya duka la pistachio, wakazitazama kwa heshima, na hakuna aliyetia mkono mfukoni. "Marehemu mume wangu," Asimina alisema akiwa haelekezi maneno kwa mtu yeyote, "siku ya jina lake hakuna aliyerudi nyumbani mikono mitupu." Walipanda boti kila mmoja na kopo lake.

Mayai yalikuwa yamesharudi kwenye mifuko.

Walipofika Poros, Stathis alijaribu kujificha chooni. Alipotoka alikuta meza saba zimeunganishwa chini ya turubai la mgahawa ulio karibu zaidi na maji, watu wamekaa, na kiti cha kichwani kimeachwa wazi kwa ajili yake. Mwenye mgahawa alipoambiwa sherehe ni ya nini alitazama kalenda iliyotundikwa ukutani, akatazama viatu vya Stathis, akatazama meza saba. Kisha akaenda kuleta samaki wakubwa zaidi.

"Bwana Panteleimonas," Thrasivulos alimnong'oneza, mdomo umejaa pweza, "paa la nyumba likoje?"

"Vigae vipya, mzee."

"Na maji?"

"Kisima cha ndani."

"Safi sana. Agiza mvinyo mwingine basi, watu wameanza kunywa maji."

Baada ya chakula mzee mmoja mrefu, Rizos, alifungua kisanduku alichokuwa amekikumbatia tangu asubuhi, akatoa klarineti, akaanza kupiga. Alipiga nyimbo za bara, zile ambazo huanza kama mtu anayelia na kuishia watu wanarusha leso. Stathis alisikiliza huku ameshika bahasha chini ya meza, na safari hii macho yalimponyoka yakasoma neno lililoandikwa. Ilimuuma. Nasema ilimuuma kwa sababu mtu huyu alikuwa na moyo, ila kazi yake ilikuwa haiupi nafasi. Alijiambia kwamba kabla jua halijazama bahasha itakuwa na elfu tano, kwamba Fotini atapata klarineti mbili akitaka. Akalipa.

Idra hakuna magari, kwa hiyo wazee walipanda ngazi kwa miguu, na wale wasioweza walipanda punda, na punda walilipiwa na mwenye jina. Nyumba ilikuwa pale pale, imara, imefungwa, kibao kinang'aa kwa sababu Stathis alikuja kukisugua wiki iliyopita. Alieleza kwamba ufunguo uko kwa mwanasheria.

Thrasivulos alizunguka ukuta akiugonga kwa fimbo. Asimina alisema madirisha yanataka rangi. Bibi mwingine aliuliza kama majirani ni watu wazuri. Hakuna aliyetilia shaka lolote, na kama Stathis angekuwa na pumzi ya kutosha baada ya zile ngazi huenda hilo lingemsumbua.

"Naitaka," Thrasivulos alisema mwishowe. "Tumemaliza."

"Basi kile kishika uchumba..."

"Pireas, gatini. Siku ya jina lake mtu hapokei pesa kisiwani. Ni mkosi."

Stathis hakuwahi kusikia mkosi huo, lakini siku hiyo alikuwa amejifunza mengi kuhusu dini. Wakashuka bandarini, ambako kuna duka linalouza vitamu vya lozi, na hapo bahasha ya Fotini ikaisha.

Walirudi Pireas jioni, jua bado liko juu ya kreni za bandari. Basi la Karditsa lilikuwa linawasubiri na injini inanguruma. Thrasivulos alimpa Stathis bahasha nene iliyofungwa kwa gundi, akamshika bega kwa mikono miwili kama baba, akapanda basi. Stathis aliwapungia. Kisha akageuka nyuma ya kibanda cha tiketi, akaichana.

Ndani mlikuwa na karatasi za leso za mgahawa wa Poros, zimekunjwa vizuri, na katikati yake ukurasa wa Julai uliochanwa kutoka kalenda ndogo ya kanisa. Tarehe ishirini na saba ilikuwa imezungushiwa wino. Nyuma yake palikuwa na mwandiko mdogo ulionyooka:

"Mwanangu, Mtakatifu Panteleimonas ni mwezi ujao. Marehemu mume wangu aliitwa hivyo, na nimewapikia wageni wake siku hiyo kwa miaka thelathini na minane. Panteleimonas wa kweli angenicheka pale pale. Wewe ulisema asante. Samaki walikuwa wazuri. Asimina."

Stathis aliusoma mara mbili. Kwa hiyo tangu saa tatu asubuhi boti nzima ilijua, pamoja na muuza kantini, na mwenye mgahawa, na pengine punda. Hakuwa na hasira, jambo lililomshangaza. Alikuwa na aibu, na alikuwa hajaizoea, hakujua aiweke wapi.

Simu ikalia. Ilikuwa Fotini.

"Baba, umempata mpiga klarineti?"

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshajiandaa kusikia hapana. Stathis alitazama basi. Dirisha la tatu, Rizos alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kisanduku.

"Niko naye hapa," alisema. "Subiri kidogo."

Akakimbia. Alibisha mlango wa basi kwa kiganja mpaka dereva akafungua, akapanda ngazi mbili, akasimama mbele ya watu arobaini na watatu waliokuwa wanamtazama bila mshangao.

"Mimi si Panteleimonas."

"Hilo tunalijua tangu asubuhi," alisema Thrasivulos.

"Unaitwa nani?" aliuliza Asimina.

"Stathis."

"La kweli?"

"La kweli. La babu yangu."

Asimina alitoa kalenda, akaruka pale Julai ilipokuwa, akatafuta. "Siku yako lini?"

"Tarehe ishirini Septemba," Stathis alisema kabla hajafika. "Mama yangu alikuwa anapika jogoo kwa mvinyo. Watu walikaa mpaka kwenye ngazi."

Bibi alifunga kalenda. "Haya. Sasa tunaongea na mtu."

Akawaeleza yote, bahasha, neno lililoandikwa juu yake, Jumapili, Fotini, na alipomaliza simu ilikuwa bado iko wazi mkononi mwake. Rizos alikohoa.

"Harusi saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni. Keratsini, kanisa la sokoni."

"Nitapiga bure," Rizos alisema. "Tumeshakula chako. Ila mimi sisafiri peke yangu."

"Basi hili hukodishwa zima," Thrasivulos alieleza. "Ni bei ya watu wa kundi."

Stathis aliinua simu. "Fotini, muziki upo. Ila itabidi uongeze viti."

"Viti vingapi, baba?"

Alimwambia, kisha akasogeza simu mbali na sikio. Asimina akampa yai. Fotini alipomaliza kusema, lilikuwa limeshamenywa.