Mpwa wa Siku Arobaini

Habari iliyomponza Ran Guangyao iliingilia sikio la kushoto, na aliyeiingiza alikuwa amelipwa kulisafisha.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, kwenye nyumba ya chai kando ya mto, Chengdu, ambako Ran alikuwa na ofisi yake. Ofisi ni neno la heshima tu. Ilikuwa kiti kimoja cha mianzi, kikombe kimoja cha chai kilichoongezwa maji ya moto tangu saa mbili hadi kikakosa rangi, na mkoba wa vikuku vya jade ambavyo mwaka jana vilikuwa chupa za bia. Mzee Pu, msafisha masikio, alikuwa amemwinamia na kijiti chake chenye manyoya.

"Usitikisike, kijana wangu," alisema Mzee Pu. "Hivi unamjua yule mjane wa Pixian, Mama Zhuo? Yule wa mitungi?"

"Pixian kila mjane ana mitungi."

"Lakini wana mtungi wa miaka thelathini?"

Ran alitikisika. Mzee Pu akamrudisha kichwa mahali pake kwa kidole kimoja.

Pilipili ya maharage ya Pixian, ile nyekundu ya mtungini, ikilala mwaka mmoja inafaa kupikia. Ikilala mitatu, watu wanafunga virago kuifuata. Ikilala minane, inazungumziwa kwa sauti ya chini. Miaka thelathini, hapo hata kuinusa unapaswa uvue viatu. Mzee Pu akaendelea kunong'ona, manyoya yakizunguka taratibu: mama huyo mumewe alikufa, mtoto hana, ana kaka mmoja tu aliyekwenda Xinjiang, mbali huko magharibi, ujanani akapotelea huko. Kila siku analia kwamba angetokea hata mtoto wa huyo kaka, mtungi ungekuwa wake. Na Bosi Mou, mwenye mgahawa hapo hapo Pixian, ametangaza kwamba atakayemfikishia mtungi huo atampa yuan themanini elfu mkononi.

"Tufanye na la kulia?" aliuliza Mzee Pu.

"La kulia liache," alisema Ran. "Nimesikia vya kutosha."

Themanini elfu. Mimi na wewe tungewaza gari. Ran aliwaza kiti. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na katika maisha yake hajawahi kukaa mahali ambapo mtu hawezi kumwambia haya, inuka. Kwa miaka sita alikuwa akiiota nyumba ya chai ya kwake mwenyewe, yeye amekaa mlangoni kwenye kiti chenye mgongo mrefu, akiamua nani aongezewe maji na nani aambiwe tunafunga. Jina alishalichagua. Kilichokosekana ni nyumba.

Siku hiyo hiyo alimfuata Bosi Mou kuhakikisha. Bosi Mou, mtu mnene mwenye sauti nyororo, alimkagua toka viatu mpaka nywele, akamgusa mkono juu ya kiwiko kidogo, akasema, "Lete mtungi, hela ipo." Ran aliingia mgahawani akiwa wa ukoo wa Ran, akatoka akiwa wa ukoo wa Zhuo. Mambo ya urithi hayataki kuchelewa.

Sasa hapa lazima nifichue siri ya mtu, na naomba isiende mbali. Ran Guangyao, mzaliwa wa Chengdu, mtoto wa mzaliwa wa Chengdu, mji unaoapa kwa pilipili, alikuwa hali pilipili. Hawezi. Kipande kimoja kikimgusa ulimi, masikio yanavuma, pua inafunguka, na magoti yanaanza mazungumzo yao. Akila na watu alikuwa akiisuuza nyama kwenye chai, eti daktari kasema. Mama yake mzazi aliijua aibu hiyo na akaingia nayo kaburini bila kuwaambia majirani. Ndiye Ran huyo sasa aliyekuwa anakwenda kujiita mtoto wa ukoo wa pilipili.

Ran alimkuta Mama Zhuo uani, katikati ya mitungi arobaini, kila mmoja unamfika kiunoni, kila mmoja na kawa lake la mianzi limewekwa pembeni ili jua liingie. Alikuwa mwanamke mfupi, na mwiko aliokuwa nao mkononi ulimzidi urefu. Barazani vikongwe watatu walikuwa wakicheza mahjong, mchezo wa kete. Waliacha kucheza, wakamtazama Ran kama watu wanaochagua kuku.

"Shangazi," alisema Ran, na sauti yake ikakatika pale pale alipoipangia ikatike. "Mimi ni mtoto wa kaka yako."

Mama Zhuo aliuegemea mwiko. "Wa Xinjiang?"

"Wa Xinjiang."

"Mwenyewe hajambo?"

"Hatunaye, shangazi. Mwezi wa tatu. Neno lake la mwisho lilikuwa jina lako."

"Masikini kaka yangu," alisema Mama Zhuo. "Umekula?"

Ran alitaka kukaa kwenye kiti kimoja kizuri cha mgongo mrefu kilichokuwa barazani. "Hicho hapana," alisema Mama Zhuo. "Hicho cha marehemu." Akampa kigoda. Akamletea bakuli la tambi ambazo hazikuonekana, maana zilikuwa chini ya mafuta mekundu, na juu ya mafuta hayo zimenyunyizwa pilipili za ganzi zilizosagwa.

"Ukoo wetu haujawahi kuzaa mtu anayeogopa pilipili," alisema. "Kula, nikuone baba yako."

Ran alikula. Tonge la kwanza lilimnyang'anya midomo. La pili likachukua ulimi, la tatu akasikia kengele ambazo wengine hawakuzisikia. Machozi yalimtoka mpaka kidevuni, kamasi nazo zikafuata kwa heshima nyuma ya machozi.

"Unamlilia baba," alisema Mama Zhuo kwa upole.

"Na... nalia baba," alisema Ran, kwa midomo ya mtu mwingine. "Maji, shangazi."

Akapewa maji ya moto.

Jioni ile aliuona mtungi wenyewe, mdogo kuliko mingine, umefungwa kitambaa chekundu na kuzibwa kwa udongo, pale pembeni ya jiko. Mama Zhuo aliupigapiga ubavuni kama mtu anayemlaza mtoto. Alisema ameweka nadhiri: damu yake yeyote atakayemsaidia kukoroga mitungi arobaini kwa siku zote arobaini za joto kali, siku ya arobaini na moja auchukue huu, ni wake. Siku arobaini. Ran aliona ni kidogo. Kuna tapeli mwenzake aliyejifanya kiwete kwa miaka miwili ili apate kibanda cha magazeti.

Kumbe hajawahi kukoroga. Asubuhi mitungi arobaini, jioni mitungi arobaini, mwiko mpaka chini, pindua, leta juu, mpaka ya chini ilione jua. Siku ya tatu mikono ilikataa kuinua hata kikombe. Siku ya tano alijaribu kumpa paka tambi zake. Paka alinusa, akamtazama kwa dharau, akahama nyumba. Na kila mlo shangazi aliuliza jambo jingine kuhusu marehemu: alikuwa anakoroma? Alipata kuota mvi? Ran akila anajibu, akijibu analia. Kaka yule alililiwa, kwa hesabu yangu, mara mia na ishirini, na ni watu wachache wenye ndugu za kweli waliowahi kuliliwa hivyo.

Kilichomtisha zaidi ya jua ni mvua. Tone likiingia mtungini, baada ya siku tatu pilipili inaota ukungu mweupe kama ndevu za babu, basi, ya kumwaga. Siku ya kumi na moja ngurumo ilimkuta Ran amesinzia. Alikimbia peku akifunika, kawa kila mkono, na mtungi mmoja ukamponyoka, wa pale ukutani. Walipoumwaga Mama Zhuo hakumgombeza. Alifagia tu, polepole, na siku hiyo hakucheza mahjong. Ran hakulala vizuri, akajishangaa sana, kwa sababu alishawahi kumuuzia mjane kaburi la mtu mwingine na akalala fofofo. Mtungi ulijazwa upya, na tangu hapo hata jirani akiburuta meza, Ran alikuwa ameshasimama.

Halafu, siku ya ishirini na kitu, jambo likatokea mezani. Alimaliza bakuli. Akatazama ndani yake, akatazama kwenye sufuria.

"Shangazi, leo mbona pilipili baridi baridi?"

"Nimeishiwa. Ongeza mwenyewe."

Akaongeza. Vijiko viwili. Pua ikafunguka, masikio yakavuma, na Ran akagundua kwamba alikuwa amekaa miaka arobaini na moja nje ya sherehe. Kuanzia hapo ukawa ugonjwa. Alikuwa akionja kila mtungi akipita, kidogo tu, ncha ya kidole. Wa nne una uchachu kwa mbali. Wa ukutani bado mchanga, una makelele. Wa kumi na saba, unaopata jua la asubuhi kabla ya wenzake, huo una utamu unaokuja mwishoni wakati umeshakata tamaa. Huo alikuwa akiukoroga wa mwisho, ili aumalizie kwa furaha.

Siku ya arobaini na moja Mama Zhuo alitimiza ahadi. Alimkabidhi mtungi mdogo kwa mikono miwili, akamfungia mayai ya kuchemsha ya njiani, akamrekebisha kola.

"Umsalimie baba yako kaburini," alisema.

Ran alikuwa ameandaa neno zuri la kuagia. Akasema tu, "Wa nne, shangazi, usiuache bila kuugeuza leo." Kisha akapakia mtungi kwenye guta la umeme aliloazima kwa jirani, akaondoka asiangalie nyuma. Dakika kumi, akawa kwa Bosi Mou.

Bosi Mou alifagia meza kwa mkono, akabandua udongo kwa kisu, akafungua kitambaa. Kabla hajachukua kijiko, Ran alishachovya ncha ya kidole, kwa mazoea. Akalamba.

Utamu ukaja mwishoni.

Akabaki kidole mdomoni. Aliijua. Aliijua kama mtu anavyojua kikohozi cha nyumbani kwake. Lakini tuheshimu taaluma: uso haukuonyesha kitu. Bosi Mou naye akachota, akafumba macho, na Ran akawaza viti ishirini, mgongo mrefu, mlangoni.

"Kumi na saba," alisema Bosi Mou.

"Thelathini," alisema Ran. "Miaka thelathini, bosi."

"Mtungi wa kumi na saba. Wa jua la asubuhi." Bosi Mou alifumbua macho. "Ya mwaka jana, imekorogwa mwaka huu. Na imekorogwa vizuri, sikufichi. Mpwa wa mwaka juzi alikuwa mvivu, nilipoteza wateja. Wa mwaka jana alitoroka siku ya tisa na mfuko wa mchele."

Nyuma ya nguzo mtu alikohoa. Alikuwa Mzee Pu, na bakuli lake, na vijiti vyake vya manyoya vimejipanga mfukoni.

"Sikio linaendeleaje, kijana wangu?"

Ran aliwatazama wote wawili. Kisha akauliza swali la mjinga. "Ule wa miaka thelathini uko wapi?"

"Tuliula kwenye harusi yangu," alisema Bosi Mou. "Niambie wewe, nani siku hizi atakoroga mitungi arobaini kwenye jua lile kwa mshahara? Vijana wote wako mjini. Lakini kwa urithi wanakuja wenyewe, tena na suti."

"Na kaka yake?"

"Kaka gani? Mama Zhuo kazaliwa peke yake."

"Nimemlilia siku arobaini."

"Amesimulia. Anasema hajawahi kupata mpwa mwenye uchungu kama wewe."

Wakamwekea tambi, za bure, kama pole. Ran alikula tonge moja, akasukuma bakuli. "Hizi hazina pilipili," alisema, na hapo ndipo akasikia alivyosema, na akataka kucheka au kulia, hakujua lipi. Nyumba ya chai ilikuwa imekwenda. Mikono ilikuwa ya mkulima. Hata siri yake, ile ya kuingia nayo kaburini, ilikuwa imeibwa.

Mbali, upande wa milimani, mbingu ikanguruma.

Ran akasimama. "Nani atafunika?"

"Kaa, mtu mzima, bado hatujamaliza," alisema Bosi Mou, lakini alikuwa akisema na kigoda.

Guta lile lilipita Pixian siku hiyo kwa mwendo ambao watengenezaji wake hawakuutarajia. Matone ya kwanza yalikuwa karibu kuanguka Ran alipoingia uani, viatu vimebaki njiani. Mitungi yote ilikuwa wazi. Barazani vikongwe wanne walikuwa wakicheza mahjong, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameinuka.

"Wa ukutani kwanza, mwanangu," alisema Mama Zhuo bila kuinua macho.

Alifunika wa ukutani. Alifunika wa nne, wa tisa, wa ishirini, kawa kila mkono, akihesabu kwa sauti, mpaka mvua ilipomwagika yote na uani hakuna kilicholowa isipokuwa yeye. Akapanda barazani, akahema.

"Shangazi, wewe huna kaka."

"Sina," alisema Mama Zhuo. "Wala wewe si Zhuo. Mtu wa Zhuo hafi ganzi midomo hadi aseme nalia baba." Akasogeza kwa mguu kile kiti cha mgongo mrefu, kikagota kwenye magoti ya Ran. "Kaa, unamwaga maji."

Ran akakaa. Hakuna aliyemwambia inuka. Mama Zhuo akaweka kete yake ya mwisho, akala mchezo, kisha akawanyooshea wenzake watatu kiganja.

"Mayai kumi kila mmoja. Nilisema atarudi kabla ya mvua."

Vikongwe wakanuna, wakaenda kuleta mayai. Ran aliusikia ule mgongo mrefu nyuma yake, akaegemea taratibu, na akauliza kama mayai hayo yatakaangwa na ya mtungi wa nne au wa ishirini, maana wa kumi na saba, kwa bahati mbaya, alikuwa amewaachia wezi.