Nilivyompima Lemayian kwa Mbavu Zangu

Leo nimeaibika mpaka nikajionea huruma mwenyewe. Nawaambia nyinyi marafiki zangu mapema, kabla video haijawafikia. (Ndiyo, iko video.)

Mnajua ubishi wetu kuhusu Lemayian, yule bondia wa uzito wa welta anayefanyia mazoezi kwenye ukumbi ulio nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Kitengela. Wengi wenu husema anadharauliwa bure, kwamba angekuwa wa Nairobi angekuwa kwenye mabango. Mimi nilipinga. Nilisema sifa zake ni za mtaani tu. Ameshinda, sawa, lakini amewashinda watu waliochoka. Nilikuwa nimetazama mapambano yake yote kwenye simu, mengine nikayarudia polepole. (Shule niliacha darasa la saba, lakini kukodolea kitu macho mpaka nikielewe sijawahi kuacha.)

Leo asubuhi nilipata kibarua cha kushusha vigae pale dukani. Kazi ikaisha mapema. Nikasikia magunia yakipigwa ukumbini, nikaingia kuchungulia tu.

Nikakuta watu wana nyuso za matanga. Kumbe kuna jamaa ametoka Nairobi, mmoja wa wale wanaopanga nani atapigana na nani, amekuja kumtazama Lemayian. Akimpenda, anamweka kwenye pambano kubwa mwezi ujao. Asipompenda, anaondoka, na wa kumleta tena Kitengela hayupo. Shida ni kwamba bondia wa kufanya naye mazoezi amekwama Matasia na simu yake haishiki.

"Siwezi kumhukumu mtu anayepiga gunia," jamaa alikuwa anasema, akitazama saa. "Gunia halirudishi."

Kocha ni Mueni, mama mmoja wa Machakos mwenye mabega kama fremu ya mlango. Akaniona.

"Profesa!" akaniita kwa jina langu la utani.

"Naam, kocha."

"Si ni wewe husema Lemayian hana kitu?"

"Kocha, sikusema hana kitu. Nilisema tusiharakishe..."

"Uko na kilo ngapi?"

"Sijui, kocha. Nimekula chapati."

"Zinatosha. Vaa glavu."

Ningetoroka. Lakini Lemayian alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono imefungwa bandeji tayari, anatazama mlango ambao mwenzake haingii. Ana miaka ishirini tu. Halafu, niseme ukweli, nilikuwa na hamu ya kujua. Hiyo hamu yangu itaniua siku moja. Leo ilijaribu.

"Usijali, kaka," akaniambia tulipopanda ulingoni. "Nitakugusa tu."

Kunigusa! Mimi nilikuwa na mpango: mkono wa kushoto ukija, naegemea kulia. Mpango mzuri sana. Ila mkono haukuja. Ulikuwa umeshafika! Nilisikia pap kwenye paji la uso, na nilipotazama, mikono yake yote miwili ilikuwa kidevuni, kama haijawahi kutoka. Pap tena! Nikaanza kushuku kwamba tuko watu watatu mle ndani.

Na ile miguu, jamani. Kwenye simu unaona mtu anasogea, basi. Ukiwa mbele yake, aliyekuwa hapa yuko pale, na sakafu haijatoa sauti. Nikasahau hata kujikinga. Nikabaki kumtazama kama unavyotazama mvua ikivuka mbuga upande wa Isinya: unaona inakuja, ni nzuri, na huna pa kukimbilia.

"Rusha mkono, Profesa!" Mueni akafoka. "Ama umekuja sinema?"

Nikarusha. Konde langu la kwanza maishani. Lemayian akainama ili lipite juu, na kichwa chake kikaja kutulia hapa, mbele ya kifua changu.

Sasa nieleweni. Wiki nzima nilikuwa nyumbani kwetu Isinya kwa harusi ya dada yangu, na boma lilijaa watoto. Kwetu Wamaasai, mtoto akikuinamishia kichwa, unamgusa utosini na kumsalimia. Huwa hufikirii. Mkono unaenda wenyewe.

Mkono ukaenda wenyewe. Na glavu yake.

"Sopa!" nikasema.

Na Lemayian, Mmaasai mwenzangu, kwa sababu mama yake alimlea vizuri, akasimama palepale, ameinama, akanijibu kwa adabu: "Ipa."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko! Mtu mmoja alicheka mpaka akakumbatia gunia. Mueni alijifunika uso kwa taulo.

Jamaa wa Nairobi peke yake hakucheka. "Ni kijana mzuri," akamwambia Mueni, akichukua begi lake. "Lakini ni mpole mno. Bondia anasimama kusalimiwa? Wenzake watammaliza." Akaelekea mlangoni.

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Lemayian alikuwa amesimama, macho chini, amebeba aibu ambayo ni yangu.

"Piga!" nikamwambia.

"Kaka, nitakuumiza."

"Piga, anaondoka!"

Kilichofuata siwezi kuwaeleza kwa sababu sikukiona. Nilikuwa wima, halafu nilikuwa nimeketi, na hewa yote ya Kajiado ilikuwa imekwisha. Kinga ya meno waliyoniazima ilienda kugonga ukuta.

Jamaa akageuka. "Nini hiyo?"

"Ubavu," Mueni akasema. "Mkono wa kushoto."

"Sijauona."

"Hakuna aliyeuona."

Akatoa simu. "Arudie."

Arudie! Ningekataa, lakini kukataa kunahitaji pumzi. Wakaninyanyua kama godoro. Na msinishangae: mimi pia nilitaka kuuona. Safari hii nikakodoa macho kabisa.

Sikuuona.

Tumeitazama hiyo video polepole, ukumbi mzima. Mkono uko kidevuni, halafu mimi niko chini. Katikati hakuna kitu.

"Huyu mlikuwa mnamficha wapi?" jamaa akauliza. Lemayian amepewa pambano! Ndipo jamaa akanipima kwa macho pale sakafuni. "Na huyu mwingine hupigana uzito gani?"

"Huyu hapigani," Mueni akamjibu. "Huyu huchambua."

Basi nafuta maneno yangu yote. Hata nyinyi mnaomsifu hamjamsifu vya kutosha. Na tafadhali msicheke. Si kwa ajili ya heshima yangu, hiyo imebaki ulingoni. Ni kwamba mkicheka nitacheka pia, na mbavu zangu hazijaruhusu.